Rubani na Wenziwe: Nani Atakayeulizwa?

Neno rubani watu wa pwani tulilijua kabla hatujaiona ndege. Rubani alikuwa ni yule mtu mwenye kuzijua njia za maji: alijua wapi pana kina na wapi pana fungu, wapi mkondo unavuta na wapi mwamba umejificha, na chombo kilipokaribia mlango wa bandari yeye ndiye aliyesikilizwa. Neno lenyewe tumelipokea kwa Waarabu, ambao tulisafiri nao kwa pepo za kusi na kaskazi karne nyingi, na ndege zilipokuja likapandishwa kutoka majini kwenda angani. Mwenye kupewa jina hilo amepewa pamoja na uzito wake, kwamba roho za watu zimo mikononi mwake. Lakini wazee wetu hawakupata kudhani kwamba rubani yuko peke yake chomboni. Alikuwapo nahodha, wakawapo serahangi na mabaharia, akawapo fundi aliyetia kalafati, na akawapo tajiri mwenye chombo, ambaye huenda alizitoa fedha za kukitengeneza na huenda alizizuia.

Siku hizi, kila inapoanguka ndege, husikika barazani kauli mbili. Wa kwanza husema: "Ni rubani huyo, ndiye aliyewaua watu." Wa pili husema: "Ni kadari ya Mwenyezi Mungu, hapana la kuuliza." Kila kauli katika hizo ina sehemu ya ukweli, lakini zote mbili hutumiwa kuyakata mazungumzo kabla hayajafika yanapopasa kufika. Nasi watu wa Pemba si watazamaji tu katika jambo hili. Kisiwa chetu kimezungukwa na maji. Mtu wa Micheweni akitaka kumpeleka mgonjwa wake Unguja au Dar es Salaam hana budi kwenda Chake Chake akapande ndege, au kwenda Wete au Mkoani akapande meli. Kwa hiyo yatupasa tujue kila mwenye kushika roho zetu amebeba dhamana gani, na likitokea la kutokea, dini yetu inamuuliza nani.

Dhamana ya rubani

Kwanza tumpe rubani haki yake, na katika haki hiyo imo pia lawama yake. Mataifa yalipokutana Chicago mwaka 1944 yakafunga mapatano ya usafiri wa anga, na kutokana na mapatano hayo likazaliwa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga. Kanuni za shirika hilo zimempa rubani mkuu kauli ya mwisho katika ndege yake. Akiona hali ya hewa ni mbaya, ana haki ya kukataa kuruka, na akiona uwanja haufai, ana haki ya kugeuza akaenda kwengine. Mwenye haki kama hiyo hawezi kusema siku ya msiba kwamba yeye alikuwa mtumwa wa watu tu.

Jambo hili halipingani na tulilofundishwa. Mtume wetu (s.a.w.) ametuarifu kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Tena imepokewa kutoka kwake kwamba mwenye kujitia katika utabibu hali hajulikani kuwa na elimu ya utabibu, huyo ni mdhamini wa madhara atakayoyaleta. Wanavyuoni hawakuifunga hukumu hiyo kwa matabibu peke yao. Kila mwenye kujipa kazi inayogusa roho za watu, naye hakujifunza au amejifunza kisha akapuuza, basi anaingia humo. Asidhani msomaji, basi, kwamba tunataka kuwaosha marubani. Tunalotaka ni kwamba kosa la mmoja lisitumiwe kuwa pazia la kufichia makosa ya wengine.

Aliyenyamaza pembeni yake

Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife cha nchi ya Hispania, ndege mbili kubwa ziligongana juu ya njia ya kurukia, wakafa watu 583. Mpaka leo haijapata kutokea ajali ya ndege iliyoua watu wengi kuliko hiyo pasipo mtu kuikusudia. Ukungu ulikuwa mzito, na uwanja ulikuwa umesongamana kwa ndege zilizogeuzwa kutoka uwanja mwengine kwa sababu ya bomu. Rubani mkuu wa ndege moja ya Uholanzi, mtu aliyekuwa mwalimu wa marubani wenziwe, alianza kukimbiza ndege yake kabla hajapewa ruhusa ya kuruka. Fundi wa mitambo aliyekaa nyuma yake alishuku, akauliza kama ile ndege nyengine kweli imekwisha kuondoka njiani. Akajibiwa kwa mkazo kwamba imekwisha kuondoka. Hakuuliza mara ya pili.

Karibu zaidi na sisi ni ndege ya shirika la Kenya iliyoanguka Douala, Kamerun, usiku wa kuamkia tarehe 5 Mei 2007, ikiwa safarini kurudi Nairobi. Watu wote 114 waliokuwamo walikufa. Ndege iliruka katika giza na dhoruba, bila ya kungoja ruhusa ya mnara. Rubani mkuu alitamka neno la kutaka usukani wa kujiendesha wenyewe uwashwe, lakini haukuwashwa, wala hapana aliyehakikisha kuwa umewashwa. Kwa muda wa karibu dakika moja ndege ikawa inalala upande wa kulia polepole, na katika giza lile hapana aliyehisi. Kengele ilipowazindua, rubani alitatizika, akazidi kuipoteza.

Ripoti ya uchunguzi ilipotoka mwaka 2010 haikuishia kwenye mkono wa rubani. Ilieleza kwamba rubani mkuu alikuwa mtu wa miaka 52 mwenye tabia ya kuwakandamiza wenziwe, na kwamba upungufu wake ulikuwa umeonekana tangu katika mafunzo. Msaidizi wake alikuwa kijana wa miaka 23, mpole wa kusema. Hapo akili yapasa isimame iulize: nani aliyewaweka watu wawili hawa pamoja katika usiku kama ule? Na nani aliyeziona kasoro zile katika madaftari, kisha akaziacha zibaki kuwa wino tu?

Mtume (s.a.w.) ametupigia mfano ambao kila mtoto wa chuoni yafaa aujue. Watu walipiga kura katika jahazi, baadhi yao wakapata juu na baadhi yao wakapata chini. Wale wa chini walikuwa wakitaka maji hupanda juu, wakaona wanawaudhi wenzao, wakasema: kwa nini tusitoboe tundu katika sehemu yetu tukateka humu humu? Basi wale wa juu wakiwaacha, wataangamia wote, na wakiwashika mikono, wataokoka wote. Mwenye kutoboa ni mmoja, lakini mfano huu umewatia wote katika hesabu, kwa kuwa maji hayachagui. Kijana aliyekaa kiti cha pili akaona kosa akanyamaza kwa haya au kwa khofu, amemwacha mwenziwe atoboe. Na mkubwa aliyewazoesha wadogo wake wasimkosoe amewafunga mikono wasiweze kumshika siku ya haja. Dhambi ya huyu wa pili huenda ikawa ni kubwa zaidi.

Baada ya misiba ya namna hii, mashirika ya ndege duniani yaliingiza somo maalumu katika mafunzo ya marubani: mdogo hufundishwa kumwambia mkubwa wake kwa uwazi kwamba hapa pana khatari, na mkubwa hufundishwa kusikiliza. Ni somo la adabu ambalo Waislamu tulikuwa nalo tangu zamani, kwani Maswahaba walikuwa wakimuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya mambo ya vita, kama jambo fulani ni wahyi au ni rai, na ikiwa ni rai hutoa rai zao, naye huzipokea.

Mwenye chombo

Ama mwenye chombo, mfano wake tuutazame kwa ndugu zetu wa Ngazija. Usiku wa tarehe 30 Juni 2009 ndege ya shirika la Yemen, iliyotoka Sanaa na abiria wengi waliokuwa wametoka Ufaransa kwenda kwao kupumzika na jamaa zao, ilianguka baharini ikijaribu kutua karibu na Moroni. Walikuwamo watu 153. Aliokoka mmoja tu, msichana wa miaka 12, aliyeshikilia kipande cha ndege majini saa nyingi mpaka akaokolewa.

Wachunguzi walitoa ripoti yao mwaka 2013. Walisema kwamba sababu ni vitendo visivyofaa vya marubani katika kuiongoza ndege, hata ikapoteza nguvu ya kuelea hewani. Lau jambo lingeishia hapo, watu wangesema: rubani amekosa, naye amekufa, basi yamekwisha. Lakini wenye kufiwa hawakuridhika, wakaendelea kudai. Mwezi wa Septemba 2022 mahakama ya Paris ikalitia shirika lenyewe hatiani kwa kuua bila ya kukusudia, na kulitoza faini ya yuro 225,000. Mahakama iliangalia mambo mawili: kwamba shirika liliendelea kupeleka ndege Moroni usiku na huku taa za uwanja zilikuwa haziwaki, na kwamba marubani hawakupewa mafunzo ya kutosha ya kutua katika uwanja mgumu kama ule.

Tazama jinsi kauli hizi mbili zinavyokaa pamoja bila ya kupingana. Rubani amekosa, ndiyo. Na aliyempeleka usiku, bila ya taa na bila ya mafunzo, amekosa vile vile. Zikapita kiasi cha miaka 13 kabla ya kosa hili la pili kutamkwa hadharani, na lisingetamkwa kama jamaa wa waliokufa wangekubali kunyamazishwa na lile la kwanza.

Shahidi wa uwongo

Iko hali nyengine ambayo ndani yake rubani hushika usukani, naye ameshuhudiwa uwongo. Usiku wa tarehe 30 Januari 2000 ndege nyengine ya Kenya iliruka kutoka Abidjan. Mara tu ilipoinuka, chombo cha kutahadharisha kikalia kwamba ndege inapoteza nguvu ya kuelea. Haikuwa kweli, kwani ndege ilikuwa ikiruka sawasawa. Rubani, kwa kuitii tahadhari ile, alisukuma pua ya ndege chini kama mafunzo yanavyoanza, naye yuko chini sana, juu ya bahari nyeusi isiyoonekana. Walikufa watu 169, wakaokoka 10.

Na tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopia iliyokuwa ikienda Nairobi ilianguka dakika sita baada ya kuruka kutoka Addis Ababa, wakafa watu wote 157, na 32 katika hao ni Wakenya. Miezi minne na siku kadhaa nyuma, tarehe 29 Oktoba 2018, ndege ya aina ile ile ilikuwa imeanguka Indonesia na watu 189. Baada ya ile ya kwanza walikuwapo waliokimbilia kusema kwamba marubani wa nchi zetu hizi hawana ujuzi. Uchunguzi ukabainisha kwamba Boeing, waliozitengeneza ndege hizo, walitia ndani yake mtambo unaosukuma pua ya ndege chini wenyewe, na mtambo huo ukitegemea khabari za kipimo kimoja tu, na kabla ya ajali ile ya kwanza marubani hawakuelezwa katika vitabu vyao kwamba mtambo huo upo. Wakubwa wa serikali ya Marekani waliopaswa kuikagua kazi ile walikuwa wamewaachia watengenezaji sehemu kubwa ya ukaguzi wajifanyie wenyewe. Wachunguzi wa Marekani walisema kwamba namna marubani wa Ethiopia walivyokabiliana na msiba ule nayo ingetajwa katika sababu, na huenda ni haki kulitaja. Lakini hakimu mwadilifu hawezi kuanza na aliyedanganywa akamwacha aliyedanganya.

Sheria yetu imeliangalia jambo hili karne nyingi kabla ya ndege. Mafakihi hutenganisha baina ya mtendaji, ambaye mkono wake ndio uliogusa, na msababishaji, ambaye aliiandaa njia. Asili ni kwamba hukumu humwendea mtendaji. Lakini ikiwa mtendaji amedanganywa, hukumu hurejea kwa msababishaji. Imepokewa kwamba watu wawili walimshuhudilia mtu mbele ya Sayyidna Ali (r.a.) kwamba ameiba, akakatwa mkono. Kisha wakaja na mtu mwengine wakasema kwamba walikosea, mwizi ni huyu. Sayyidna Ali akaukataa ushahidi wao juu ya huyu wa pili, akawalipisha dia ya mkono wa yule wa kwanza, na akawajuulisha kwamba lau angejua kuwa wamekusudia, wao ndio wangekatwa. Aliyekata hakulipishwa, maana aliujenga mkono wake juu ya ushahidi. Na kipimo cha ndege ni shahidi. Mwenye kutengeneza shahidi wa uwongo, kisha akaficha kwamba huyo shahidi yupo, hana pa kukimbilia.

Wanaongoja pwani

Hesabu haifungwi chombo kinapoanguka. Siku ya Jumapili tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43 iliingia katika ziwa la Viktoria ilipokuwa ikitua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Walikufa watu 19, na marubani wote wawili wamo katika idadi hiyo, wakaokoka 24. Waliokuwa wa mwanzo kuifikia ni wavuvi na mitumbwi yao. Wachunguzi wa serikali, katika ripoti yao ya awali, hawakutazama usukani peke yake. Walitaja pia udhaifu wa uokozi: chombo cha kuokolea kilikuwa mbali katika kazi nyengine, na waokoaji walipofika walipungukiwa na vitu vya lazima. Basi katika hesabu ya siku ile aliyepewa kazi ya kukaa tayari naye yumo, na hakuwamo ndani ya ndege.

Sisi wa Pemba hatuna haja ya kuambiwa maana ya maneno hayo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi ikija kwetu. Meli iliyoruhusiwa kuchukua watu wasiofika 700, tume ya uchunguzi ikaja kusema kwamba ilikuwa na watu zaidi ya 2,400, na kwamba waliokufa na kupotea walipita 1,500. Waliofikishwa mahakamani walikuwa ni mmoja wa wenye meli, msaidizi wa nahodha na ofisa wa bandari, na nahodha mwenyewe, asiyejulikana alipo, akashitakiwa hali hayupo. Angalia waliotajwa: mwenye mali, mwenye usukani, na mwenye kalamu. Na kabla ya mwaka kutimia, tarehe 18 Julai 2012, meli ya Skagit nayo ikazama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam, nayo ikiwa imebeba kuliko kiasi chake.

Yuko na wa nne ambaye hakufikishwa mahakama yoyote, naye ni sisi abiria. Nani asiyeijua tabia ya kumwomba karani akuingize na huku meli imekwisha jaa? Nani asiyemjua mtu aliyemfumba mkono mlinzi wa lango ili mizigo yake ipite bila ya kupimwa? Hatusemi haya kuwalaumu waliokufa, Mwenyezi Mungu awarehemu na awaandikie daraja ya mashahidi. Tunawaambia walio hai, kwa kuwa walio hai watasafiri tena.

Sheria inavyogawa mzigo

Huenda msomaji akauliza: ikiwa wote wamo, je, si kwamba kosa limesambazwa mpaka halina mwenyewe? Jibu ni kwamba sheria hugawa mzigo kwa mizani, haiutawanyi. Mwenye kuua kwa kukosea ana mambo mawili juu yake. La kwanza ni kafara, nalo ni kumwacha huru mtumwa Muumini, na asiyepata afunge miezi miwili mfululizo. Hilo ni lake mwenyewe baina yake na Mola wake, hapana awezaye kumfungia. La pili ni dia, nayo hulipwa na jamaa zake wanaume wa upande wa baba, wanaoitwa aakila, kwa muda wa miaka mitatu. Wanavyuoni wa madhehebu ya Hanafi, kwa kufuata alivyofanya Sayyidna Umar (r.a.), wakasema kwamba kwa askari walioandikwa katika daftari moja, aakila ni wenziwe wa daftari hilo. Yaani waliomo katika kazi moja hubebana. Moyo hujibu peke yake, na mfuko hujibu kwa jamaa. Ndiyo maana jamaa wenye akili humzuia mwenzao mzembe mapema, maana wanajua kwamba uzembe wake utawafikia.

Tena Imamu Nawawi katika kitabu chake cha Minhaji, kinachosomeshwa katika darsa zetu za Kishafi, ameitaja mas-ala ya wawili wanaogongana bila ya kukusudia wakafa wote, na ameviingiza vyombo vya baharini katika hukumu hiyo. Kila mmoja, aakila wake hudaiwa nusu ya dia ya mwenziwe, kwa kuwa kila mmoja amekufa kwa tendo lake na kwa tendo la mwenziwe. Nusu ya tendo lake mwenyewe huanguka, na nusu ya mwenziwe hubaki. Katika mas-ala hiyo imo hukumu ya rubani aliyekufa. Kosa lake halimsamehe aliyeshirikiana naye, na kufa kwake hakulifuti deni la aliyebaki hai.

Na kadari je?

Kadari ni haki, nayo ni nguzo ya imani yetu. Lakini Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa njiani kwenda Sham akapata khabari za tauni akarudi na watu wake, aliulizwa kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Jibu lake lilikuwa kwamba anaikimbia kadari na kuiendea kadari. Na Mtume (s.a.w.) alimwamrisha mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ndipo ategemee. Kwa hiyo kumwambia aliyefiwa kwamba ni kadari ni maliwazo mema. Ama kumwambia mkaguzi kwamba ni kadari ili asifungue daftari, huko ni kuificha haki kwa jina la imani. Kanuni za kimataifa nazo zinasema kwamba uchunguzi wa ajali ya ndege haufanywi kwa ajili ya kulaumu, unafanywa ili ajali nyengine isitokee. Hilo ni jema, na mahakama ina mlango wake mwengine. Lakini milango yote miwili hufungwa na mtu mmoja, naye ni yule anayesema: "Yamekwisha pita, tunyamaze."

Nasiha kwa nyumba zetu

Basi enyi wazee, na enyi vijana wetu wa kike na wa kiume, tujifunze mambo haya manne.

La kwanza, ikianguka ndege au ikizama meli, tusimhukumu rubani wala nahodha kabla ya uchunguzi. Mara nyingi naye amekufa, hawezi kujitetea, na ameacha mke na watoto ambao watayasikia maneno yetu njiani na skuli. Tumeamrishwa tubainishe khabari kabla ya kuwasibu watu kwa ujinga, kisha tukajuta.

La pili, tusiache kuuliza. Wenye kufiwa wana haki ya kujua nani alikagua chombo, nani alitia sahihi, na nani aliagiza safari. Kuuliza kwao si ukosefu wa subira. Subira ni kuacha kumlalamikia Mwenyezi Mungu, wala maana yake siyo kuiacha haki ya maiti ipotee.

La tatu, tuwalee watoto wetu wawe na ulimi wenye adabu na usioogopa. Mtoto aliyezoea kupigwa kila anapomkosoa mkubwa wake, kesho akiwa rubani msaidizi, au muuguzi, au karani wa bandari, ataliona tundu na atanyamaza. Mfunze namna ya kusema: "Baba, niwie radhi, naona hapa pana khatari." Nawe mkubwa ukiambiwa hivyo, msikilize kabla ya kumkemea.

La nne, tusikubali kuingia katika chombo kilichojaa, wala tusimhonge mtu atuingize. Fakihi wetu yule yule amesema kwamba chombo kikikhofiwa kuzama, yafaa kutupa mali iliyomo, na huwa ni wajibu ikiwa kwa kuitupa watu watarajiwa kuokoka. Ikiwa mali yatupwa baharini kwa ajili ya roho, je, si wepesi zaidi kuiacha pwani mpaka kesho?

Siku ya Kiyama hapana nafsi itakayobebeshwa mzigo wa nyengine. Rubani atabeba wake, tajiri atabeba wake, fundi na mkaguzi watabeba wao, na abiria aliyejipenyeza atabeba wake. Mbele ya Mola hapana mzigo utakaopotea kwa kuwa wabebaji ni wengi.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia baharini na angani, awape subira waliobaki, awaongoze wenye kushika usukani na wenye kushika kalamu, na atujaalie kila safari yetu iwe ya salama, kwenda na kurudi. Amin.